Mrututu

Mwalimu Hidaya alirudi darasani kwa mara ya kwanza tangu amzike mwanawe mchanga. Kipindi kilikuwa cha mrututu, ile chumvi ya shaba.

"Chembe hizi za buluu zimeshikana na maji," aliwaambia wanafunzi. "Tukizipasha moto, maji yataondoka. Uzito utakaopungua ndio wa maji."

Mwanafunzi mmoja, Tausi, akazipima, akazipasha kwenye kibakuli, akasubiri kipoe, akapima tena. Uzito ulikuwa umeshuka.

"Tayari, mwalimu?"

"Bado. Pasha tena, upime tena, mpaka..."

Miaka yote alikuwa akiitamka sentensi hiyo bila kuifikiria. Sasa aliiona mizani ya kliniki ikining'inia, na mwanawe ndani ya kile kisuruali cha kupimia, kila wiki mwepesi kuliko wiki iliyopita, na nesi akisema, "Wewe mnyonyeshe tu, mama."

"Mpaka nini, mwalimu?"

"Mpaka uzito usishuke tena," alisema kwa shida.

Tausi akarudia mpaka mizani ikagoma kushuka. Kibakulini ulibaki unga mweupe pe. Kwa utundu tu, akaudondoshea maji, na buluu ikarudi pale pale.

"Mwalimu, mrututu umerudi! Njoo uone!"

Darasa zima likapiga makofi. Mwalimu Hidaya akakipokea kibakuli kwa mikono miwili. Kilikuwa kimeshapoa, lakini sasa, kwa yale maji, kilianza kupata joto viganjani mwake. Akakisogeza kifuani. Kengele ikalia, wanafunzi wakatoka, naye alikuwa bado amekipakata.