Bibi Kwenye Gari la Marhoon

Kwa siku arubaini Thani bin Harub alipiga marufuku Kiswahili nyumbani kwake. Chai iliombwa kwa Kiarabu, chumvi iliombwa kwa Kiarabu. Mkewe, Nasriya, alimkumbusha mara moja tu kwamba mkataa kwao mtumwa, akaambiwa airudie methali hiyo kwa Kiarabu.

Sababu ilikuwa kubwa. Thani alikuwa anagombea kiti cha wilaya katika Majlis ya Shura, baraza la wawakilishi la Oman, mwaka ule wa 2007 wagombea waliporuhusiwa kubandika picha zao njiani. Yake ilisimama kwenye mzunguko wa magari pale mtaani kwao Hail, kilemba kimekaa sawasawa, uso wa mtu ambaye babu zake hawakupata kuvuka bahari. Kijitabu chake kilisema amezaliwa katika "familia kongwe ya wilaya." Hakikusema kwamba familia hiyo ilirudi kutoka Unguja mwaka 1974, na masanduku manne na mbuzi ya kukunia nazi.

Tatizo lilikuwa mama yake. Bi Masouda, miaka sabini na sita, hakujua kumkaribisha mtu ila kwa Kiswahili, tena cha sauti ya juu. Isitoshe, alikuwa na jambo lake. Kimbunga cha Juni kilipopiga, maji ya mtaro yalimfuata mpaka kitandani, na tokea hapo kila mgeni wa mwanawe alihadithiwa habari za mtaro.

"Usemee na mtaro, mwanangu," alimwambia. "Hail nzima wanalia nao."

"Mama, Majlis si pahala pa mitaro. Mimi nnazungumzia mustakabali wa taifa."

"Na huo mustakabali utapita wapi, na njia imejaa maji?"

Siku mbili baadaye Bi Masouda alipelekwa Amerat kwa binti yake, Mastura, eti akapumzike. Amerat iko nyuma ya majabali, na Thani hakuwa na mpiga kura hata mmoja huko wa kumsikia. Alimpigia simu kila siku alasiri, maana mtoto mwema hakosi kupiga simu. Kila siku Mastura alijibu kwamba mama hayupo: kenda hitimani, kenda kumtazama mzazi, kenda kwa rafiki zake. Thani alifurahi kwamba mama yake amepata shughuli.

Zimebaki siku tano watu wapige kura, akaja Loay, mtaalamu wa matangazo aliyemkodi kutoka mji wa Ruwi aendeshe kampeni. Alikuja na habari mbaya. Kura za wanawake zilikuwa zinahamia kwa Marhoon.

Marhoon ndiye mpinzani aliyekuwa akimnyima Thani usingizi. Kiarabu chake kilikuwa cha milimani, kinamtoka bila kutafutwa, na Thani alikuwa na kanda tatu za hotuba zake ambazo aliziiga akiwa bafuni.

"Kuna bibi mmoja anapita naye nyumba kwa nyumba," alisema Loay. "Anazungumza Kiswahili chenu."

"Chao," Thani alimsahihisha. "Anasema nini?"

"Mimi sikifahamu. Ila wanawake wanamsikiliza mpaka chai inapoa, kisha wanatoka wote nje kuitazama njia."

"Bibi gani huyo?"

"Nimemwona mgongo tu. Anakaa mbele garini. Marhoon mwenyewe humfungulia mlango, humshika mkono, humbebea mkoba."

Thani akaweka kikombe chini. Nani hufunguliwa mlango namna hiyo ila mama mzazi? Yeye mwenyewe hakupata kumfungulia mtu mlango wa gari, lakini alikuwa hodari wa kusoma hila za wenzake. Kumbe Mwarabu wa Waarabu ana mama Mswahili! Wanaume anawahutubia kwa Kiarabu cha milimani, na mama anampitisha kwa wanawake chini kwa chini, wasijue watu.

Furaha ilimzidi hata akasahau marufuku yake.

"Marhoon anamficha mama yake," alimwambia Nasriya kwa Kiswahili safi. "Kesho nnakwenda kumtoa hadharani."

Nasriya alikuwa anachagua mchele. Vidole vyake vikasita.

"Una hakika wataka atolewe mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

"Basi vaa joho lako jipya," akasema Nasriya, akaendelea na mchele wake.

Kesho yake alasiri Thani aliingia katika hema la kampeni la Marhoon. Kwa adabu ya Kiomani hata hasimu ni mgeni: akapewa kiti cha mbele, akapewa halua na kahawa, na alipoomba kusema, akapewa na kipaza sauti. Nyuma ya pazia wanawake walisikika wengi kuliko watu wote waliopata kuingia hema la Thani mwenyewe. Akakohoa, akakitoa Kiarabu chake cha siku arubaini.

"Enyi watu wa wilaya! Mtu anayemwonea haya mama aliyemzaa, nyinyi atawasemea nini? Huyu bwana ana mama Mswahili, kamficha msimjue. Nnamwambia mbele yenu: mtoe tumwone."

Aliyekuwa akimimina kahawa akaacha, akamgeukia Marhoon.

"Mama yangu nilimzika mwaka wa themanini na nane, Mungu amrehemu," alisema Marhoon taratibu, bila ya hasira. "Lakini bibi unayemtaka yupo."

Pazia likafunuliwa.

"Nimetoka, Thani," alisema Bi Masouda kwa Kiswahili, kipaza sauti cha upande wa wanawake mkononi. "Hebu yarejee maneno yako, baba, Kiarabu changu si kizuri: umesema nani anamwonea haya mama yake?"