Usicheke

Mpiga picha za pasipoti alikuwa ameileta kamera yake dukani aiuze. Miaka nenda miaka rudi aliwaambia watu, "Tazama hapa, usicheke," mpaka hamu ikamwisha kabisa.

"Hebu ijaribu na lenzi hii," muuzaji alisema, "tuone kama bado nzima."

Mpiga picha aliweka jicho kwenye kamera, akaizungusha lenzi taratibu. Ukungu ukaondoka, na pale mlangoni akatokea mkewe aliyekuja naye, na kile kidoti cha shingoni alichokuwa amekisahau.

Mkewe alipoiona kamera alikaza uso na kunyoosha mabega, kama mteja.

"Cheka, mama watoto."

"Si tumekuja kuuza?" aliuliza, tabasamu likianza kumponyoka.

Muuzaji alinyoosha mkono apokee kamera. Mkono ukabaki hewani.