Duara la Gundi

"Sista, huyo binti anayekuja kunitoa damu amechanja?" mzee aliuliza, mkono wa shati ameshaukunja. "Figo hili nimepewa na dada yangu. Nikiliua kwa korona, atanifukua kaburini anichape."

Marlys, muuguzi mkuu wa kliniki, hakucheka. Dawa za kulinda figo zilikuwa zimemmaliza mzee kinga. Lakini sheria mpya ya jimbo la Montana, Marekani, ilikataza kumbagua mfanyakazi kwa kuchanja au kutochanja, na kliniki ilikwisha kushtakiwa mara moja, kwa kuwabandikia waliochanja kibandiko cha kijani kwenye kitambulisho. Vibandiko vilibanduliwa siku hiyo hiyo. Shtaka la pili lingeondoka na kazi yake.

"Siruhusiwi kukuambia, mzee wangu."

"Basi umeshaniambia."

Kidole cha Marlys kilikuwa kikisugua kitambulisho chake mwenyewe. Kibandiko kilikuwa kimetoka, gundi ikabaki: duara dogo lililonasa vumbi, ambalo hata spiriti haikuling'oa. Mzee alikuwa akilitazama.

Mlango ukafunguliwa. Binti aliingia na trei ya sindano. Kitambulisho chake kiling'aa. Hakikuwahi kubandikwa kitu.

Mzee akaushusha mkono wa shati polepole.

Marlys aliishika trei. "Huyu nitamtoa damu mimi."

Binti hakuiachia. Macho yake yalitua kwenye duara la vumbi kifuani mwa Marlys, kisha yakashuka kwenye kitambulisho chake kisicho na doa.

"Kwa nini?" akauliza.