Mmea wa Mtihani

Mkuu wa shule alizungusha ufunguo, akausukuma mlango wa stoo kwa bega, akatoka ameikumbatia ndoo yenye mmea kama mkunga aliyetoa mtoto salama.

"Mwalimu Vitendo, mzigo wako huu hapa," alisema huku akitabasamu. "Nimeufungia tangu Ijumaa. Hakuna mwizi wala mbuzi aliyeugusa."

Mwalimu wa biolojia, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Vitendo, aliutazama mmea, kisha akaitazama stoo. Haikuwa na dirisha.

"Mkuu, niliuacha dirishani makusudi. Upate jua."

"Na vifaa vya mtihani hukaa wapi? Si kwenye kufuli? Haya, wema wangu nao umekuwa kosa!"

Mtihani wa vitendo wa asubuhi ile ulikuwa juu ya mmea huo, na mmea ulikuwa huo mmoja kwa darasa zima. Kila mtahiniwa achume jani, alichemshe, alitoe ukijani kwa spiriti, alitandaze kwenye kigae cheupe, alidondoshee iodini, kisha aandike rangi anayoiona. Jani lililoshiba jua lina wanga, nalo hugeuka bluu nyeusi. Jani lililoshinda gizani limekwisha kuutumia wanga wake, na iodini juu yake hubaki kahawia vilevile ilivyotoka chupani. Msahihishaji, huko aliko, angesubiri bluu nyeusi tu.

Mwalimu alimkimbilia msimamizi, mama mwenye miwani aliyeletwa kutoka shule nyingine, ambaye alikuwa ameshaupokea mmea kwa mkuu na kuuweka mezani.

"Samahani, mama. Huo mmea umeshinda gizani tangu Ijumaa. Naomba wachume majani ya huko nje, miti ipo tele."

"Wewe ndiye mwalimu wa somo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hutakiwi hata kuwa kwenye veranda hii. Vifaa vilivyofungiwa ndivyo vinavyotumika. Ukiongeza neno, naandika kwamba shule imevuruga mtihani, na matokeo ya watoto wote yanafutwa. Ndicho unachotaka?"

Hakukitaka. Mwenye nguvu mpishe. Alirudi nyuma hadi kwenye bomba la uani, mahali alipoweza kuyaona madirisha ya maabara, ila meza hazionekani.

Alipohamia shule hii, maabara ilikuwa ghala la madawati mabovu, na sayansi ilifundishwa kwa kuimba majibu. Ukitaja wanga, darasa zima linaitikia "Bluu nyeusi!" kabla hujafika kwenye swali. Yeye ndiye aliyeyatoa madawati, akaokota chupa tupu, akaomba spiriti zahanati, akawafundisha watoto kukata, kuchemsha na kunusa. Kila kipindi alikifunga kwa maneno yaleyale, mpaka wakawa wanamwigiza sauti kwa utani: "Andika ulichokiona, usiandike ulichokariri!"

Sasa maneno hayo yalimrudia mwenyewe. Aliwaona kwa mawazo, wameinama juu ya vigae, wanaona kahawia, wanaandika kahawia kwa utiifu wote. Alikuwa amewanoa mwenyewe, na makali yaleyale ndiyo yangewakata.

Na ndani humo alikuwemo binti yake wa pekee, msichana wa kufanya mambo polepole mno hata wenzake wakampa jina la Taratibu. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwekea nafasi, kwa sharti moja: alama ya juu kwenye vitendo vya biolojia. Ikipungua, nafasi inakwenda kwa mwingine. Neno moja tu kupitia dirishani lingemwokoa, na neno hilohilo lingewaangamiza wote pamoja naye. Mwalimu alifungua bomba, akanawa uso, akalifunga, akalifungua tena. Hakuwa na kingine cha kufanya, na iliuma.

Kengele ikalia. Mlango ukafunguka kwa kishindo.

"Mwalimu, limegeuka!" kijana wa kwanza alipiga kelele. "Bluu nyeusi kama wino!"

"La kwangu lilikuwa jeusi mpaka nikaogopa," mwingine akadakia.

"Hata langu! Vitendo oyee!"

Walimzunguka, wakamvuta mikono, wakamrusharusha mabegani. Mkuu wa shule naye akaja mbio.

"Si nilikwambia? Mmea ni mmea. Wewe na hofu zako!"

Mwalimu alicheka hadi machozi yakamtoka. Huenda bati la stoo lina tundu ambalo hakuliona. Huenda Mungu ameamua mwenyewe. Furaha ilimjaa, hakutaka hata kuuliza.

Taratibu alitoka wa mwisho, macho mekundu. Alimshika baba yake mkono, akamvuta kando ya kelele.

"Baba, la kwangu tu ndilo lililogoma. Nimechemsha vizuri, nimesuuza vizuri, likabaki kahawia. Nikaandika kahawia." Sauti ikamkatika. "Wenzangu wote wamepata. Mimi nimekosea wapi?"

Msimamizi alikuwa ameshafunga bahasha zake na kwenda nazo garini, na sasa hakuna aliyemzuia. Mwalimu aliingia maabara kulitafuta kosa la mwanawe.

Juu ya kila kigae cheupe, kuanzia meza ya mbele hadi ya nyuma kabisa, lilikuwa limelala jani la kahawia.