Ngamia Asiyeguswa

Hamdi alimkabidhi baba yake simu kwa fahari. Ukurasa huo wa ngamia waliopotea aliutengeneza mwenyewe, na jana alikuwa ameufanya uteleze: ukishainua kidole, picha zinaendelea kukimbia zenyewe kabla ya kutulia.

Ikatulia picha ya ngamia jike mwenye chapa ya ukoo wao shingoni.

"Wallahi, ndiye," mzee akanong'ona. Akampapasa shingo kwa kidole chenye sugu, kama alivyomtuliza kila alipotaka kumkama.

Picha zikachomoka. Ngamia akaenda zake.

Hamdi akampokonya baba yake simu. "Aabo, usimguse! Ukimgusa anakimbia!"

Mkono wa mzee ulibaki hewani.

"Nilimzalisha kwa mikono hii," akasema. "Nani amemfundisha kunikimbia?"