Breki ya Nyuma

"Lete baiskeli, babu. Mlima hauhami, utaukuta mwakani," akasema dereva wa pikapu ya kuokota waliochoka kwenye mbio za baiskeli.

Nilikuwa nimemaliza kilomita mia na kumi, umebaki mlima mmoja. Na nilikuwa nimemwahidi binti yangu: nikirudishwa na gari, baiskeli naigawa, natulia nyumbani. Miguu ilikuwa imekwisha. Nikampa.

Akaisukuma kuelekea garini. Gurudumu la nyuma likamfuata shingo upande. Akachuchumaa, akajaribu kupitisha ukucha kati ya raba ya breki na rimu. Haukupita.

"Babu, breki imekushika tangu wapi?"

"Sijui. Mimi nilidhani ni uzee."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akalegeza waya kwa spana, akainua gurudumu, akalipiga kofi. Likazunguka. Tukalitazama, likazunguka tu, halina haraka ya kusimama.

Nikagusa rimu. Ilikuwa imesuguliwa ikang'aa kama sufuria mpya, na bado ilikuwa na joto.

"Haya, panda mbele, twende zetu."

Niliutazama ule mlima. Hivi huyu mzee, asiposhikwa na kitu, ana nguvu kiasi gani?

"Hebu ngoja kwanza," nikasema, nikavusha mguu juu ya kiti cha baiskeli.