Pole ya Mwanaidi

Mwanaidi alikuwa na ugomvi na neno moja tu, nalo ni pole.

Masharti ya mtihani wa Kiingereza yalikuwa wazi: uvae kidani cha kijani siku arobaini, ulale nacho, uoge nacho, na ukitamka neno lolote la nyumbani kinageuka kuwa chekundu, unaanza upya. Usipofaulu, hospitali haikuajiri hata kufua mashuka.

Siku ya ishirini na sita jirani alijikwaa. "Pole!" Kidani chekundu. Aliporudia, siku ya thelathini na nne, bibi mmoja akadondosha mayai. "Pole!" Neno gani hili lisilomwomba ruhusa mwenye mdomo? Kwa hasira, akawa anashinda kwenye ngazi za soko, akitazama watu wakiteleza huku ameung'ata ulimi, mpaka akazoea.

Awamu ya tatu, siku ya arobaini, mama yake, Bi Mwajabu, alianguka jikoni, uji wa moto ukammwagikia mkono. Mwanaidi alimkimbilia, akamwinua, akammwagia maji, akimsemesha Kiingereza chake safi ambacho mama hakuelewa hata chembe.

Bi Mwajabu alimtazama, machozi yakimlengalenga. "Mwanangu, hata pole?"

Kidani kilikuwa cha kijani, kinang'aa. Mwanaidi alishusha pumzi; ameshinda. Kisha akajipapasa ulimi kwa meno, akashtuka. Safari hii hakuwa ameung'ata. Neno lenyewe halikuja.